Ndege wa rangi mbili kwenye pazia la serikali

Saa mbili asubuhi, jua bado halijapasha moto kuta za udongo za kijiji cha Los Alisos, na Eufelia Archuleta anafumua kazi ambayo serikali imemlipa aitarizi. Anachomoa uzi wa buluu kwenye bawa la ndege, taratibu, kwa ncha ya sindano. Wanawake wenzake waliolizunguka pazia hilo la jukwaa wameweka sindano chini, wanamtazama.

“Doña Eufelia, unatutafutia balaa,” anasema Librada Maes, jirani yake wa nyumba na wa kiti, akimwita kwa ‘Doña’ ya heshima. “Mchoro unasema buluu.”

“Mchoro unadanganya.”

“Basi ukafungwe huo mchoro, si sisi!”

Wanacheka, lakini si kwa muda mrefu. Mkaguzi wa serikali kutoka Santa Fe, mji mkuu, anakuja wiki ijayo, na pazia lisilofanana na mchoro linaweza kukataliwa. Likikataliwa, chumba hiki cha kushonea kitafungwa.

Huku kwetu hakuna kazi nyingine ya mwanamke. Hata wanaume walikuwa wamekaa tu vibarazani, baada ya mashamba ya Colorado kuwafukuza, mpaka serikali ilipoleta mpango wake wa kazi kwa waliokosa riziki. Sasa wako nje wakijenga ukumbi wa mji, na wake zao wanatarizi pazia lake. Wapita njia huwatania kwamba wanalipwa kwa kuegemea sepeto. Kuta zinapanda hata hivyo.

Mchoro wa pazia ulitoka Santa Fe. Msanii aliunakili kutoka kwenye colcha ya zamani, tandiko la kitanda lililotariziwa kwa sufu, iliyo nyumbani kwa bibi mmoja tajiri wa huko. Ulipokunjuliwa mezani, Eufelia aliona ndege ameangalia nyuma, mdomoni ana tawi, na mkia umekwenda upande.

“Nilikaa chini,” anasema. “Yule ni ndege wa mama yangu.”

Mama yake, Doña Refugio, alimtarizi akiwa bibi harusi. Nili, rangi yake ya buluu, ilimwishia katikati ya bawa, na mfanyabiashara wa nili alikuwa hapiti tena mpaka majira mengine. Hakutaka kungoja. Akachemsha maua ya chamisa, kichaka cha nyika zetu, akapata manjano, akamalizia.

“Baba alimcheka maisha yake yote,” anasema Eufelia. “Alikuwa akiamka anauliza, ‘Refugio, ndege wako bado ana homa ya manjano?’ Mama anamjibu, ‘Mpishie supu basi!’”

Doña Refugio alifariki chini ya tandiko hilo. Majira ya baridi yaliyofuata watoto wa Eufelia walikuwa na njaa, mume wake yuko Wyoming akitafuta kondoo wa kuchunga, bila kutuma habari. Akapita mchuuzi mwenye gari. Colcha ikaenda kwa gunia la unga na kopo la mafuta.

“Tulikula tortilla, chapati za unga wa mama yangu, mwezi mzima,” anasema, na hapo anaacha kushona.

Prudencia Lucero, msimamizi wa chumba na mwalimu wa zamani wa nusu ya kijiji, aliliona bawa mchana wa siku ile lilipofumuliwa. Alikasirika kweli.

“Eufelia! Nitamwambia nini mkaguzi? Kwamba umeota?”

“Mwambie akageuze kona ya chini ya ile colcha, Mwalimu. Kuna kiraka chekundu. Ni cha gauni langu la utotoni.”

Kesho yake Prudencia alipanda gari la posta kwenda Santa Fe, na kwa siku mbili Eufelia hakuligusa lile bawa. Alitarizi majani pembeni. Kila mlango ulipolia, alishtuka.

Mwalimu aliporudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama mlangoni bila hata kuvua shela.

“Kiraka kipo,” alisema. “Na nusu ya bawa ni ya manjano. Msanii alidhani ni buluu iliyochujuka kwa jua, akaona amsaidie ndege. Mkaguzi amekubali. Mtie manjano yake.”

Librada alipiga kelele hadi wanaume wakachungulia dirishani. Eufelia peke yake hakushangilia. Aliuliza jambo moja.

“Uliishika colcha yenyewe, Mwalimu?”

“Niliishika.”

“Bado inanuka moshi wa jikoni kwetu?”

Prudencia alitazama chini. “Hapana, binti yangu. Inanuka sabuni.”

Siku ninayorudi kumtembelea, bawa limekamilika. Manjano yake ni ya chamisa ileile, aliyoichuma mwenyewe nyuma ya kanisa. Ni ndege mzuri, na anayemtazama Eufelia akimpapasa ataona kwamba ndege huyu hamtoshi hata kidogo.

Ukumbi utafunguliwa baada ya mavuno, na yule bibi wa Santa Fe amealikwa. Eufelia amekwisha kujua atamwambia nini. Hataki kudai kitu. Unga ulilika, na watoto wako hai.

“Nitamwomba aniazime colcha usiku mmoja,” anasema. “Nilale chini yake na wanangu wote, jiko likiwaka. Asubuhi nitaikunja mwenyewe nimrudishie.”