Gurudumu Juu ya Viti Viwili

Usiku ule volkano ilipolipuka, tairi jipya la pikipiki yangu lilikuwa limelala wazi uani. Majivu yaliliangukia mpaka alfajiri, pamoja na mvua ndogo. Asubuhi nililikung'uta, nikalivisha kwenye gurudumu la mbele, nikajaza upepo. Nikadhani kazi imekwisha.

Nilipolijaribu barabarani, usukani ulitetemeka mikononi mwangu kama mbuzi anayevutwa kamba. Siku nyingine ningekwenda polepole tu. Lakini ilikuwa imetangazwa kwamba mitaa yetu yote ihame, na mtu wa kubeba alikuwa yaya, dada yangu mkubwa, aliyekuwa amepasuliwa tumbo wiki iliyopita ili mtoto azaliwe. Mume wake alikuwa mjini Beni kwa biashara, na waasi walikuwa wamekata barabara. Magari yalipita yakiwa yamejaa mpaka juu ya mizigo. Daktari alikuwa amemwonya yaya asitikiswe, mshono usije ukafunguka.

Ndani ya nyumba hakuna aliyethubutu kukaa, maana ardhi ilitetemeka mara kwa mara. Yaya alilala kwenye godoro uani, mtoto kifuani, akinitazama nikilichomoa gurudumu.

"Unatoa tena?"

"Linatikisika."

"Basi utaenda polepole. Watu wote wanaisha mu mutaa."

"Hapana, yaya."

Hakuzoea kusikia neno hilo kutoka kwangu.

Nilisimamisha viti viwili, nikavikaza miguu kwa vipande vya makoro, yale mawe meusi ya volkano tuliyojengea juu yake. Nikapitisha ekseli katikati ya gurudumu na kulaza ncha zake juu ya migongo ya viti. Gurudumu likaning'inia. Nikaliachilia. Likazunguka nusu, likarudi, likasimama, upande mmoja chini. Nikalizungusha tena, upande ule ule ukashuka. Dawa yake ni kuviringisha waya laini wa kulehemu kwenye spoki ya juu, upande ulio mwepesi, mpaka uzito ulingane. Nikaviringisha, nikaongeza, waya ukaisha, na bado upande ule ulishuka kama umeitwa.

"Kama ungeangaliaka wabinti hivi unaangalia hiyo gurudumu," yaya alisema, "tungekuwa tulishakula ndoa yako."

Masikio yangu yakapata moto.

"Ile pine haikunyeshewa na majivu?" akaendelea, akilionyesha tairi kwa kidevu. "Yakilowana yanakuwaka magumu kama simenti. Angalia mabati."

Niliinua macho. Juu ya bati letu majivu yalikuwa yameganda vipande vizima, magumu. Nikaondoa waya, nikafungua tairi, nikaingiza mkono. Ndani, mahali pamoja tu, kulikuwa na bonge jeusi lililoshikamana na mpira, kubwa kama kiganja. Nililibandua kwa kijiko, nikafuta kwa kitambaa, nikavisha tena, safari hii nikiwa nimetandika chini kitenge kikuukuu cha yaya, majivu yasiingie tena.

Nililirudisha gurudumu juu ya viti, na sasa upande ule ulishuka kidogo tu. Nikaviringisha waya kidogo, nikakata, nikaongeza kipande kidogo kama punje. Kisha nikaligeuza gurudumu, tundu la upepo likawa juu, nikaachilia. Halikwenda. Nikaliweka upande, halikwenda. Nikaligeuza chini juu, likabaki pale nilipoliacha. Nilisogea nyuma. Sijui kueleza nilichohisi. Kila kitu katika mji kilikuwa kikikimbia au kikianguka, na kitu hiki kizito kilikuwa hewani, kimetulia, hakitaki kwenda popote.

"Yaya, ona."

"Ninaona."

Likaanza kwenda. Hakuna aliyeligusa, hakukuwa na upepo. Lilijongea polepole, likasita, likarudi. Nikafikiri nimekosea hesabu ya waya. Ndipo kuku wa jirani wakapiga kelele, na nikasikia mtetemeko ukipanda kutoka nyayoni hadi magotini. Gurudumu lilikuwa limeusikia kabla yetu. Yaya alimfunika mtoto kichwa kwa mkono. Ardhi ilipotulia, gurudumu nalo likatulia, mahali papya. Nilitaka kulishika, mkono wangu ukaogopa.

"Fungia," yaya alisema kwa sauti ya chini. "Twende."

Nikalifunga gurudumu kwenye pikipiki, tukafuata barabara ya kwenda Sake, kwa mama mkubwa, tukapita mtaa wa Lac Vert kati ya watu waliobeba magodoro na masufuria. Yaya alikaa nyuma yangu, mtoto katikati yetu. Mashimo niliyapita kwa mwendo wa mguu. Penye lami nzuri niliongeza kasi kidogo, nikisubiri mikono yangu itetemeke. Usukani ulikaa kimya. Niliulegeza, nikaushika kwa vidole tu.

"Tuko tunatembea kweli?" yaya aliuliza mgongoni mwangu.

"Tunatembea."

Tulipofika Sake, mama mkubwa alitupokea mlangoni. Hakutusalimu kwanza. Alimlaza yaya mkekani, akafungua kitenge, akainama, akaangalia mshono kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akafunika.

"Ni mukavu," alisema, akaenda kuchemsha maji ya mtoto.