King'ora cha Kiwanda cha Mbao

King'ora kile kikilia, hadi leo mate hunikauka. Ninyi mliokulia kwingine mtaniona nina kichaa, maana siku hizi kikilia, vijana wa Mafinga hurusha mikono juu na kushangilia. Ndicho kinachofungua tamasha la muziki wa roki kila Jumamosi jioni, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha mbao alichofanyia kazi baba yangu. Kinanitia hasira, na sitajifanya vingine.

Zamani kililia asubuhi watu waingie kazini, mchana wakale, jioni watoke. Mama alikuwa akisema hata jogoo wetu husubiri kiwanda kimtangulie. Baba alirudi akinuka utomvu wa paini, vumbi la mbao limemjaa masikioni, nasi tukigombania kumpuliza. Lakini kikilia nje ya saa zake, maana ilikuwa moja tu: kuna mtu ameumia vibaya.

Siku ninayoikumbuka sikwenda shule kwa sababu ya surua. Mama alikuwa anamenya viazi. King'ora kikalia, na saa ya chakula bado. Akatupa kisu, akavuta kanga kwenye kamba, mbichi vilevile, akanishika mkono tukakimbia. Getini wanawake walikuwa wamejaa, kimya, kila mmoja na kanga yake mkononi. Ndiyo ilikuwa desturi yao: atakayetajiwa jina la mumewe, wenzake humfunika kichwa na uso kwa kanga zao, wakamwongoza hadi nyumbani. Nilidhani ni ili watu wa njiani wasimwone akilia.

Mlinzi akatoka, akavua kofia, akamtaja baba yake Tula, rafiki yangu wa nyumba ya pili. Msumeno ulikuwa umemuua. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfunika mama Tula.

Tuliporudi, mama aliingia jikoni akafunga mlango. Nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, akanyamaza, akaanza tena. Nilimchukia. Viazi vyake sikuvigusa, na miaka ikapita nikiwa na kinyongo: baba wa watu kafa, yeye anacheka!

Nilikuja kuolewa na dereva wa malori ya mbao. Siku moja tukaletewa habari kwamba lori limepinduka mlimani, dereva amekufa. Baadaye ikajulikana dereva si wangu. Nikajifungia chooni, na kicheko kilekile cha mama kikanitoka, sikuweza kukizuia. Hapo ndipo nilipozielewa na zile kanga. Walimfunika mwenzao asione nyuso zao.

Kiwanda kilifungwa. Mbuzi wakalala humo, mabati yakaibwa, kisha akaja kijana mmoja akalipaka jengo rangi nyeusi na kujenga jukwaa palepale ulipokuwa msumeno. Na magitaa yao sina ugomvi, vijana wacheze. Nilimfuata kumwomba jambo moja tu, aking'oe king'ora. Aliniamkia kwa adabu, akanipa kiti na soda.

"Mama, watu wanakuja kwa ajili ya hicho king'ora," aliniambia. "Ndiyo historia yenyewe ya hapa."

Historia! Nikamwuliza kama anamjua hata mtu mmoja aliyefia pale alipoweka ngoma zake. Akatabasamu, akasema nimtajie majina atayachora ukutani, yatapendeza. Niliondoka bila kuigusa soda yake, maana ningemmwagia.

Baba alishafariki, kwa uzee, kitandani kwake. Mama yupo, ninaishi naye, ila kumbukumbu zinamwacha moja moja. King'ora hakijamwacha. Kila Jumamosi kikilia anainuka kitini, anavuta kanga, anaelekea mlangoni. Nimemweleza mara nyingi kwamba ni muziki tu. Jumamosi iliyopita nilichoka, nikamzibia njia, nikamwambia kwa ukali kwamba kiwanda hakipo na hakuna aliyekufa. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto asiyejua mambo.

"Nipishe, mwanangu," alisema. "Tukichelewa, mwenzetu atatuona nyuso."

Kule jengoni walikuwa wanashangilia. Nikachukua kanga yangu, nikamfungulia mlango, tukatoka.