Aliyeniitikia Jina Alfajiri

Haya yalitokea, na wala sikubembelezi uamini. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kuwacheka watu wa mizimu. Bwenini kwetu kila mtu ana mzimu wake: huyu kaona mwanamke mwenye kwato, yule kaona jeneza likitembea barabara ya Iringa kama lori. Waongo watupu, tena waongo wasio na ufundi. Mzimu wangu mimi hakuwa na kwato. Alikuwa na kikohozi.

Shule yetu ni ya misheni, juu vilimani huku Iringa, ambako mwezi wa Juni nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na maji ya kunawa yanauma kama mbwa. Kwetu ni Mbeya, baridi naijua. Lakini baridi ya Mbeya ina adabu kidogo. Hii ya hapa inakufuata hadi ndani ya blanketi. Na katika baridi hiyo tunagongewa kengele alfajiri, kuku wenyewe wamelala, twende kanisani tukasali gizani. Ndiyo, gizani, maana mafuta ya taa ni ya kusomea tu. Mwalimu wa zamu husimama mlangoni, koti limempanda hadi masikioni, anaita majina yetu kwa kichwa, nasi tunajibu, "Nipo!" Ukizoea kukosa, hupati kipaimara. Usipopata kipaimara, unafunga sanduku lako na kupanda lori kurudi kwenu. Na baba yangu alikwisha kuwatangazia watu wote wa Ilomba kwetu kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Ningeshuka pale na sanduku, ningewaambia nini?

Basi giza lile tulilifanyia maarifa. Rafiki yangu alikuwa Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba kama mpini wa jembe. Tulipatana: leo yeye aende kusali aniitikie na mimi, kesho mimi niende nimwitikie yeye. Kumbe mwenzangu alikuwa anaamini kweli! Zamu yangu ikifika, naye anaamka.

"We Lute, leo si zamu yako," namwambia.

"Najua. Nakwenda kwa shida zangu."

Shida zake! Aliombea hata kuni zikauke. Kwa hiyo mimi nikawa nalala tu, naye anaitika majina mawili. Nilimdharau, nikuambie ukweli. Mtu mwenye akili zake anaacha blanketi akaongee na dari?

Baridi ilipokaza, kichomi kikamshika. Tukamzika nyuma ya kanisa, chini ya mikaratusi, kwa kuwa kwao ni mbali. Mchungaji akasema Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda. Nikasema moyoni, basi mimi asinipende. Ezekieli naye, kiranja wetu, ambaye akisali hufumba jicho moja ili lingine limtafute asiyefumba, alilia kama yeye ndiye mama wa marehemu.

Tangu siku ile sikuamka tena. Nilikuwa na hasira na dari yao. Wanifukuze, nikasema, nani wa kuniitikia sasa?

Hawakunifukuza. Siku moja mwalimu alisimama darasani akanyoosha kidole upande wangu. "Mwigeni huyu. Amefiwa na rafiki, lakini hakosi sala hata asubuhi moja." Niligeuka nyuma nione anamsema nani. Baada ya darasa Ezekieli akanishika bega. "Umebadilika, ndugu yangu. Ile sauti yako ya alfajiri inanibariki."

Nikajua ni yeye. Ananiitikia, kisha atakuja kunidai sukari yangu ya mwezi mzima, mnafiki mkubwa. Nikaapa kumkamata.

Kesho yake nikaamka kabla ya kengele. Ukungu ulikuwa unaingia kanisani kwa madirisha kama mwenye nyumba. Nikakaa benchi la mwisho, ukutani, peke yangu. Ezekieli namsikia kule mbele akijikohoza kwa utakatifu. Majina yakaitwa. Langu likafika. Nikafunga mdomo kusudi.

"Nipo!"

Sauti yangu mwenyewe, na ilitoka kwenye benchi langu, kando ya sikio la kushoto. Kisha kikohozi: kikavu, kinachomalizikia kwa mluzi mwembamba kama birika linalotaka kuchemka. Nililala jirani na kikohozi hicho, nitakisahau vipi?

"Ugonile," akaninong'oneza. Ndiyo salamu ya Wanyakyusa ya asubuhi: umelala?

"Nilale nini, Lute, wewe si umekufa!"

"Najua. Baridi ya huko ni hii hii."

"Sasa unataka nini?"

"Zamu zangu nimemaliza, na zako nimekufanyia. Huko nako tunaitwa majina alfajiri. Kesho uniitikie."

Mimi mzaha hunitoka hata nikiogopa. "Huko nako kuna viranja?"

Akacheka, niamini, akacheka hadi akakohoa. "Wamejaa tele."

"Siji, Lute. Nikiitika huko, nitabaki huko."

Halafu akasema, taratibu, kama mtu aliyechoka, "Basi hapa uitike mwenyewe. Mimi nikalale."

Kulipopambazuka nikaangalia pale kando yangu. Mbao za benchi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, mahali pembamba tu, pa kutosha mtu mmoja asiye na makalio. Ezekieli akapafuta kwa mkono wa shati akasema paa linavuja. Linavuja! Mvua ya wapi mwezi wa Juni?

Sasa naenda kila alfajiri. Naitika kabla mwalimu hajamaliza jina. Kipaimara nimepata, na mchungaji anasema nina wito, eti niwe mwinjilisti. Hawajui kitu wale. Mahubiri yao yote hayakuweza kunitoa kitandani. Aliyenitoa ni marehemu mwenye kikohozi. Imani yenyewe sijui kama ninayo. Najua tu kwamba sikio langu la kushoto halipati joto tena, hata nikae jikoni mchana kutwa, na kwamba kila mara jina langu likiisha kuitwa nasikiliza kidogo gizani. Kimya. Nadhani amelala.

Na wewe unayejifunika sasa hivi huku mwenzako akienda kukuitikia, fumbua macho. Mwenzako akitangulia, hataacha kukuitikia, kisha atakuja kukaa kando yako adai zamu yake. Mimi wangu alikuwa Lute, akanihurumia. Wako je, unamjua vizuri?