Taarifa Zilizokatika kati ya Mbingu na Ifakara

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ifakara, mwanangu, nikiwa kijana anayejiamini kupita kiasi. Nilikuwa nimeandika programu ya kunakili taarifa za wagonjwa kutoka zahanati ya kijiji cha Mbingu hadi kompyuta ya kituo chetu cha afya, mtaa wa Viwanja Sitini. Mgonjwa akipewa rufaa, faili lake lilimtangulia.

Siku hiyo alifika mama mmoja wa Kisukuma, Ng'washi, ana jipu baya mguuni. Kwenye skrini, sehemu ya dawa zinazomdhuru ilikuwa tupu. Nesi wetu, Mama Leokadia, alikwisha kuvuta penisilini kwenye sindano, ila alikuwa na desturi ya kuuliza.

"Kuna dawa inayokukataa, mama?"

"Penisilini. Mwaka jana nilivimba mpaka koo likabana. Kwani Mbingu hawakuwaandikia?"

Mama Leokadia aliweka sindano chini, akaniita. Nikamwambia watu wa Mbingu wamesahau kuandika. Hakubishana nami, akawapigia simu. Wakamsomea faili lao: imeandikwa.

Nikaanza kuchunguza. Kila taarifa ilipita kwanza kwenye nafasi ya kuhifadhia kwa muda, tunayoiita bafa, na ukubwa wake niliupima kwa kuhesabu herufi. Kumbe ile alama ya kwenye "ng'", ikiandikwa kwa simu, hula nafasi tatu, si moja. Majina ya Ng'washi na wazazi wake yalikuwa na alama hizo kadhaa. Faili likazidi bafa, sehemu ya mwisho ikakatika, na programu ikaitupa kimyakimya. Sehemu hiyo ndiyo iliyotaja penisilini.

Kufikia saa sita nilikuwa nimerekebisha hesabu. Nikamfuata Mama Leokadia nikitabasamu, "Mama, tayari."

"Na wale ambao taarifa zao zilikatwa tangu mwanzo?"

Hao nilikuwa sijawaangalia.

"Basi hujamaliza, baba. Watafute."

Ilinichukua siku mbili kulinganisha faili moja moja. Niliwapata wengine saba, na mmoja wao alikuwa wodini tayari, akisubiri kupewa dawa inayomdhuru.

Kwa hiyo, wewe unayeandika programu leo, pima nafasi kwa kile kinachoingia kweli, si kwa unachodhani kitaingia. Kisichotosha kisitupwe kimya. Programu ipige kelele. Ukikosea, usimsingizie aliye mbali asiyeweza kujitetea. Na ukisharekebisha, watafute wale ambao kosa lako limekwisha kuwafikia.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu, na kila anayeitegemea arudi kwake salama.