Prodyuza wa kwaya alisema MIDI controller yetu imekufa

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Mimi huandika polepole, kwa hivyo sina nguvu ya kuandika uongo. Haya yalitokea kanisani kwetu, mtaa wa Pioneer, na nilikuwepo.

Kwaya yetu ilipewa MIDI controller ndogo, kibodi ya kuchomeka kwa kompyuta, keys ishirini na tano na pads nane za kugonga ngoma. Jumamosi tulikuwa tumepanga kurekodi wimbo.

Mpiga kinanda wetu ni Kibet. Anataka aitwe Prodyuza. Kazi yake yote ni kubonyeza rhythm iliyo ndani ya kinanda cha kanisa. Kinanda kinajipigia, yeye anafunga macho kama ameshukiwa.

Alichomeka controller kwa laptop ya kanisa. Taa zikawaka. Akabonyeza key, kimya. Akaigeuza chini juu akitafuta speaker.

Wakuu, speaker. Kwa controller.

Hii kitu haina sauti yake. Inatuma ujumbe tu, software ya laptop ndiyo inalia. Mimi niliishia darasa la nane na hilo nalijua. Nilijifunza kwa video, nikizirudisha mpaka nielewe.

Basi akabonyeza kila button akitafuta volume. Mwisho akatoa hukumu: "Hii imekufa. Wapeni watoto wa Sunday school wachezee."

Roho iliniuma. Wiki tatu nzima nilikuwa nikipanga ngoma za huo wimbo kwa kugonga meza na vidole. Bila pads, tungerekodi na rhythm ya Kibet, ile inafanya hata wimbo wa matanga usikike kama wa harusi.

 Lakini huwa siwezi kuongea mbele ya watu.

Nilimfuata Mama Rael, kiongozi wa kwaya, hadi kwa gate. Nikamwomba nijaribu. Akaniuliza kama najua. Nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa mchana nilifungua settings za software, upande wa MIDI, nikachagua controller kama input, yaani kifaa cha kupokelea noti. Hakuna mtu alikuwa ameichagua.

Bado kimya.

Halafu nikaona taa ya octave, ile ya kushusha na kupandisha noti za keys, inawakawaka. Prodyuza, akitafuta volume yake, alikuwa ameshusha octave mpaka mwisho. Noti zilikuwa chini kuliko ile piano ya software inaweza kulia. Nikabonyeza button zote mbili za octave pamoja, zikarudi katikati. Piano ikalia.

Pads nazo zilitoa kengele mahali pa kick, ile ngoma nzito. Nikatumia MIDI learn: unachagua sauti, unagonga pad, software inakumbuka. Zote nane. Nikasave.

Jumamosi nilikaa kwa controller, na Kibet aliposikia ngoma, akawaambia watu kwamba ni yeye alikuwa ameiwarm up. Akanigusa bega.

"Toka hapo kijana, sasa nipige."

Kwaya yote ikaniangalia. Mama Rael pia, na hakunisaidia.

Nikamwambia, "Nimekaa."

Nilipiga wimbo mpaka mwisho. Prodyuza alishikilia mlango usipigwe na upepo. Hiyo kazi aliifanya vizuri.

Funzo nililopata: kabla useme kitu kimekufa, angalia kama umekichagua kwa settings. Na mtu akijiita prodyuza, mwombe azifungue hizo settings ukimtazama.

Sasa nisaidieni. Nikigonga pad ya snare, ile ngoma kali, sauti inachelewa kidogo. Kwa laptop ya kitambo, buffer, ile setting inayoamua sauti ichelewe kiasi gani, niishushe hadi wapi?

Wanaojua waandike hapa chini. Wanaobahatisha, tayari tuna mmoja.