Ubao wa Mjapani na Mafuta ya Papa

Mimi ni fundi wa mashua ya Nahodha Bakari, na juzi nilijiaibisha. Kutoka Diani kwenda Msambweni, tukitia nanga kila kijiji kupakia nazi, tulikuwa na mgeni, Mjapani wa kwanza niliyemwona tangu vita viishe. Kazi yake ni kuchonga picha kwenye ubao, kisha kuuchapa kwenye karatasi. Siku tatu alichonga msikiti na minazi.

Nikauona ubao mkavu, hauna hata tone la mafuta. Ubao, baharini, bila mafuta? Nikauonea huruma. Alipolala adhuhuri nikaupaka mafuta ya papa, kama tuipakavyo mashua, ukang'aa.

Alipoamka akaupaka rangi yake ya maji. Rangi ikakimbia, ikajikusanya matone matone. Akarudia, ikakimbia tena. Aliduwaa, nami, wallahi, niliduwaa kuliko yeye.

"Fundi, ubao una nini?" akauliza nahodha.

"Labda ni chumvi ya bahari, nahodha."

Mjapani akauinamia ubao, akaunusa. Akamwendea nahodha, akamnusa mikono. Akamnusa mpishi wetu. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeikalia mikono yangu yote miwili.