Wasifu wa Mashine Iliyokufa

Msiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, na ilikuwa mchana, saa tisa, mvua imeuficha mlima wote wa Uluguru. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na aliyeumia kwa sababu ya hayo yupo hai mpaka leo, mtaa wa Mwembesongo, na hanisalimii.

Shule niliiacha darasa la tano. Nikatangatanga, nikalima mpunga Dakawa, nikakata miwa, na katika ile miaka ya foleni za sabuni nikapata kazi ya usafi Morogoro mjini, kwenye kiwanda kimoja cha umma. Kiwanda kilikuwa na kompyuta, kubwa kama makabati matatu yaliyopangwa. Mimi nilipiga deki chumba chake na kuibebea karatasi. Na kwa kuwa ni mtu wa kuuliza, niliuliza mpaka wakanichoka.

Kompyuta ile ilikuwa inakufa. Ndivyo tulivyosema: imekufa. Katikati ya kazi inanyamaza, mashine ya kuchapa inatoa neno moja, KOSA, basi. Kosa gani? La nani? Haisemi. Meneja akajijibia mwenyewe kwamba ni la Dada Tekla, aliyekuwa akiiendesha. Siku hizo neno hujuma lilitosha kumweka mtu ndani. Akaitisha kikao cha Jumatatu iliyofuata, na polisi wakaalikwa.

"Wewe unayeuliza kila kitu," Tekla aliniambia, "mbona huniulizi mama yangu atapikiwa na nani nikifungwa?" Akacheka peke yake. Mama yake alikuwa haoni.

Wa kumwokoa alikuwa mmoja tu, fundi Anselmi, Mluguru wa Mgeta, kule mlimani. Alikuwa akiandika nyongeza ya kuingiza katika kiini cha mfumo, yaani yale maagizo ya ndani kabisa yanayotawala mashine nzima. Aliwahi kunieleza: "Ikifa, kipande kidogo kinabaki kando, hakiguswi na kazi nyingine. Chenyewe kinasoma kilichosalia kwenye kumbukumbu, kinachapa. Ilikuwa inafanya nini, imefika wapi, imegusa nini mwisho." Kabla hajamaliza akapanda kwao kwa likizo ya wiki moja. Zikapita mbili.

Ijumaa mashine ikafa tena. Tekla akafukuzwa chumbani, mimi nikabaki na ndoo yangu. Mlango ukafunguka, akaingia Anselmi, amelowa, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, kaka! Tumekusubiri mno."

Hakuitikia. Nilishangaa, maana marahaba ya mtu yule haikuwa na uvivu. Akaiamsha mashine, akaketi, akaanza kubonyeza herufi, haraka, bila kuangalia daftari lake.

"Juzi nimesikia wasifu wa marehemu ukisomwa kule juu," alisema bila kugeuka. "Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafanya kazi, akafariki ghafla. Ghafla! Ghafla ni ugonjwa gani? Mashangazi wote wametajwa, alivyokufa hakuna."

"Labda hapakuwa na mtu wa kuona."

"Marehemu alikuwepo," akasema. "Izime, uiwashe upya."

Nikawasha. Haikupita nusu saa, ikafa. Lakini safari hii mashine ya kuchapa haikuishia neno moja. Ilitoa mstari, ikatoa mwingine, mpaka kumi na miwili: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, agizo la mwisho, na mahali lilipokwama. Bodi ya nne ya kumbukumbu, yaani kibao cha nyaya cha nne. Tukafungua kabati. Bodi ya nne ilikuwa kuukuu, namba zake zimekwanguliwa. Ile mpya iliyonunuliwa kushika nafasi yake, aliyoipokea Meneja kwa mkono wake, haikuwepo.

"Tekla hana mkono humu," Anselmi akasema. "Karatasi hii isomwe mbele ya watu. Umenisikia? Mbele ya watu."

Akatoka. Nikarudi kwenye deki yangu. Amini usiamini, sakafu ilikuwa safi. Hakuna tope. Hata tone la maji hakuna.

Ningefanya nini? Sisi tulizoeshwa kwamba kila jambo lipite kwa mkubwa. Nikaikata karatasi kwenye mashine ya kuchapa, nikampelekea Meneja, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani. Akaisoma mara mbili.

"Nani kaifanya?"

"Fundi Anselmi, Ndugu Meneja. Katoka sasa hivi."

Akainuka, akafunga mlango. "Anselmi tumemzika Jumatano. Nilikwenda mwenyewe, nyie bado sijawatangazia." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Nenda kalale, kijana. Una homa."

Jumatatu nilisimama kikaoni, nikasema ipo karatasi. Meneja akatabasamu. "Mwenzenu huyu kapewa na marehemu." Ukumbi mzima ukacheka. Tekla hakucheka, aliniangalia tu. Na nyongeza ya Anselmi ilikuwa imefutwa, mfumo umepakiwa upya kutoka kwenye tepu ya zamani. Bodi mpya nayo ilikuwa imerudi mahali pake kimyakimya. Kwa hiyo Tekla alipoondolewa, kompyuta haikufa tena hata siku moja, na hilo likawa ndio ushahidi dhidi yake. Alikaa ndani miezi minane. Mama yake hakumngoja.

Nilipanda Mgeta. Mjomba wa Anselmi akanionyesha kaburi, udongo bado mwekundu. Walimwokota njiani asubuhi, hakuna aliyejua kilichompata. "Tukasoma ghafla, baba," aliniambia. "Tungesoma nini?"

Tangu hapo sijakaa kazini mwaka mzima. Ikizimika mashine yoyote karibu nami, hata ya kusaga, naisikia ile ya kuchapa ikianza. Na popote ninapolala naacha kikaratasi chini ya mto: nimetoka wapi, nimekutana na nani.

Nawe unayenisikiliza, ukikabidhiwa maneno ya mwisho ya chochote kilichokufa, yasome kwa sauti palepale, watu wakiwepo. Usimtafute mkubwa kwanza. Mimi nilimtafuta, na mikono iliyompa karatasi ndiyo hii.